Fridtjof Nansen na Bahari ya Barafu

Fridtjof Nansen alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1861 katika shamba lililo karibu na mji wa Christiania, ambao siku hizi huitwa Oslo, mji mkuu wa nchi ya Norwei. Baba yake alikuwa mwanasheria, mtu mwangalifu katika kila neno. Mama yake alikuwa mwanamke hodari, asiyeona haya kufanya kazi kwa mikono yake mwenyewe. Nchi ile iko mbali sana upande wa kaskazini. Wakati wa baridi theluji hufunika mashamba na njia, na katika sehemu za mwisho za nchi jua halionekani kabisa kwa majuma mengi. Watoto wa huko hujifunza kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili nyembamba zilizofungwa miguuni, kama vile watoto wa ufuko wa Ziwa Victoria wanavyojifunza kupiga kasia. Fridtjof alizizoea mbao hizo tangu utoto wake, na alipokuwa kijana walikuwa wachache walioweza kushindana naye.

Alipoingia chuo kikuu alichagua elimu ya wanyama. Mwaka 1882 mwalimu wake alimshauri aende baharini ili ayaone maisha ya viumbe vya kaskazini kwa macho yake. Basi akapanda merikebu iliyoitwa Viking, iliyokuwa ikienda kuwinda sili katika bahari iliyo mashariki ya Greenland. Merikebu ilinaswa na barafu, ikakaa siku nyingi bila kusogea. Mabaharia walinung'unika, kwa maana siku za kuwinda zilikuwa zikipita bure. Lakini Nansen hakukaa bure. Alishusha vipimo vyake majini, akaandika kila alichokiona. Wakati ule walikuwako watu walioamini kwamba barafu ya bahari huanza chini ya maji, kisha huinuka. Nansen aliona kwamba sivyo: barafu ile huanza juu, usoni pa maji, mahali pakutanapo maji na hewa baridi. Aliona tena jambo la ajabu zaidi, ya kuwa chini ya maji baridi ya juu yako maji yenye joto kidogo, yatokayo mbali kusini.

Ili kuyafahamu mambo haya, yafaa msomaji aanze na yale ayajuayo. Mtoto wa Tarime au wa Serengeti huuona Mto Mara ukipita katika nyika na katika mabwawa ya matete, mpaka uingiapo Ziwa Victoria. Maji ya mto ni matamu, na ya ziwa ni matamu vilevile, kwa kuwa ziwa lina mto wa kuyatoa, nao ni Nile. Lakini mashariki ya Serengeti, chini ya mlima wa moto uitwao Ol Doinyo Lengai, liko Ziwa Natron, nalo halina mto wa kutoa maji yake. Jua huyachukua maji yakawa mvuke, lakini chumvi na magadi haviwezi kupanda pamoja na mvuke. Husalia palepale, na maji yaliyobaki huzidi kuwa makali mwaka hata mwaka.

Baridi ya kaskazini hufanya kazi iliyo kama ya jua la Natron, ingawa kwa njia nyingine. Ukipima kilo 1,000 za maji ya bahari, karibu kilo 35 ni chumvi. Maji matamu huganda kwa digrii 0, bali maji ya bahari hayagandi mpaka baridi ifike karibu digrii 1.8 chini ya hapo. Yakianza kuganda, maji yenyewe hushikamana kuwa barafu, nayo barafu haina nafasi ya chumvi ndani yake, huisukuma nje. Sehemu moja ya chumvi hunaswa katika vitundu vidogo sana, nayo hudondoka chini polepole, miezi na miaka. Ndiyo sababu barafu ya bahari iliyokwisha kuzeeka yaweza kuyeyushwa ikanyweka, na wasafiri wengi wa nchi zile wamepona kiu kwa kuinywa.

Je, chumvi ile iliyotolewa huenda wapi? Huingia katika maji yaliyo chini ya barafu, nayo yakiisha kupata chumvi nyingi na baridi nyingi huwa mazito, yakazama. Jambo hili lina nguvu hasa karibu na pwani, ambako bahari haina kina kirefu. Huko upepo utokao nchi kavu huisukuma barafu mpya mbali na ufuko. Maji hubaki wazi, yakaganda tena. Upepo ukaisukuma barafu tena, na maji yakaganda mara nyingine. Kila mara chumvi huongezeka katika maji ya chini. Mwishowe maji mazito hutelemka juu ya sakafu ya bahari kama kijito kishukacho bondeni, mpaka yafike kilindini. Kiangazi kikija barafu huyeyuka, na mito mikubwa ya Siberia, yaani Ob, Yenisei na Lena, humwaga maji yake matamu, nayo hutanda juu kwa kuwa ni mepesi. Hivyo bahari ile ina tabaka juu ya tabaka, kama mafuta na maji katika chupa moja, ijapokuwa mpaka wake si mkali kama huo. Nansen alipokuwa kijana hakuna aliyeyajua mambo hayo yote.

Mwaka 1888 alifanya safari iliyolieneza jina lake. Alivuka Greenland, kisiwa kikubwa kupita vyote duniani, ambacho katikati yake hakuna mti wala nyumba, ila barafu tupu. Waliomtangulia walijaribu kuanza upande wa magharibi, wenye watu, ili waweze kurudi wakishindwa. Nansen alianza upande wa mashariki, usio na msaada wowote, ili yeye na wenzake watano wasiwe na njia ila ya kwenda mbele. Neno hilo laweza kuitwa ujasiri, na laweza kuitwa kiburi; lakini watu wote sita walifika wazima.

Tangu hapo aliwaza neno moja tu. Mwaka 1881 merikebu ya Marekani iliyoitwa Jeannette ilikuwa imevunjwa na barafu kaskazini ya Siberia. Miaka mitatu baadaye vitu vya merikebu ile viliokotwa juu ya barafu karibu na ncha ya kusini ya Greenland, upande wa pili wa bahari. Vimefikaje huko? Nansen alisema kwamba barafu yenyewe husafiri, ikichukuliwa na mkondo na upepo toka Siberia, karibu na Ncha ya Kaskazini, hata Greenland. Kama ndivyo, basi mtu hana haja ya kupigana na barafu. Na ajenge merikebu ambayo barafu haiwezi kuivunja, aitie ndani yake kwa hiari, akae, achukuliwe.

Wakuu wengi wa elimu na wasafiri wazee walimcheka. Walisema atajiua bure, na kuwaua wenzake. Haikuwa mara ya kwanza kwa wataalamu wa Ulaya kukataa habari ya barafu: mwaka 1848 Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameiona theluji juu ya Kilimanjaro, mabwana waliokaa London walikataa, wakasema theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Lakini watu wa Norwei walimsadiki Nansen, na serikali yao ikatoa sehemu kubwa ya fedha.

Fundi Colin Archer alimjengea merikebu iliyoitwa Fram, maana yake Mbele. Urefu wake ulikuwa futi 128 na upana wake futi 36, fupi na nene, na mbavu zake zilikuwa za mbao ngumu sana. Ubavu wake ulikuwa mviringo kama kibuyu, ili barafu ikiubana usipate pa kushika, merikebu iinuke juu kama mbegu iliyobanwa kati ya vidole viwili. Baharini chombo hicho kiliyumba vibaya, hata Nansen mwenyewe akatapika. Lakini hakikujengwa kwa ajili ya mawimbi.

Tarehe 24 Juni 1893 Nansen aliondoka Christiania pamoja na watu kumi na wawili, nahodha akiwa Otto Sverdrup, na vyakula vya miaka mitano. Walipopita kaskazini ya Siberia mwezi wa Agosti, merikebu ilipatwa na jambo lisiloelezeka. Mtambo ulifanya kazi kwa nguvu zake zote, na bahari ilikuwa shwari, walakini Fram ilikwenda kama iliyoshikwa na mkono chini ya maji. Mabaharia wa nchi zile waliliita jambo hilo maji mafu. Nansen alichunguza, akaona kwamba juu palikuwa na tabaka jembamba la maji matamu, na chini yake maji ya chumvi. Aliandika, asilisahau.

Mwezi wa Septemba merikebu iliingia katika barafu. Usiku mmoja barafu ilianza kunguruma, ikapanda, ikaibana merikebu pande zote mbili. Kila mtu alijua kwamba saa hiyo ndiyo itakayoamua kama wataishi au watakufa. Mbao zililia, kisha Fram ikainuka polepole, ikakaa juu ya barafu, nzima. Tangu usiku huo hawakuiogopa tena sauti ile.

Walikaa hivyo miezi na miezi. Walikuwa na kinu cha upepo kilichowapa taa za umeme katika usiku mrefu wa miezi mingi. Nansen alitazamia kwamba bahari ile itakuwa na kina kidogo, na kamba zake za kupimia zilikuwa fupi. Kumbe hazikugusa chini! Ikawapasa kuifumua kamba nene ya chuma ya merikebu, na kuisokota upya katika baridi kali ili iwe ndefu na nyembamba. Walipoishusha walipata kina cha pima kama 2,000. Walipima joto pia, wakaona maji ya juu ni baridi kama barafu na chumvi yake ni kidogo, bali kuanzia kama pima 100 kwenda chini yalikuwa na joto kupita digrii 0, na chumvi yake ni nyingi. Hayo ni maji ya Atlantiki, yaliyoingia chini ya kifuniko cha maji mepesi. Kama kifuniko hicho kisingekuwako, joto lile lingepanda na kuila barafu kwa chini.

Nansen aliona jambo jingine pia. Barafu haikwenda sawasawa na upepo uvumako. Kila siku ilikwenda upande wa kuume kidogo. Hilo nalo aliliandika.

Lakini safari ilikuwa ya polepole, na ilionekana wazi kwamba Fram haitapita juu ya Ncha yenyewe. Basi tarehe 14 Machi 1895 Nansen alimwachia Sverdrup merikebu, akaondoka kwa miguu pamoja na Hjalmar Johansen, na mbwa 28, magari matatu ya kukokotwa juu ya theluji, na mitumbwi miwili myepesi ya turubai. Walijua kwamba hawataiona merikebu tena barafuni, kwa sababu itakuwa imechukuliwa mahali pasipojulikana. Mwezi wa Aprili walifika digrii 86 na dakika 14 za kaskazini. Hakuna mtu aliyepata kufika karibu na Ncha hivyo kabla yao. Mbele yao barafu ilikuwa kama mawe yaliyomwagwa, na chini ya miguu yao ilikuwa ikirudi nyuma. Nansen akageuka. Kugeuka huko kulikuwa kugumu kuliko kwenda, wala hakuna aliyemlazimisha.

Mateso yao yaliyofuata ni mengi. Siku moja, kwa uchovu, walisahau kuzitia saa zao ufunguo, zote mbili zikasimama, nao wasijue tena kwa hakika wako wapi. Iliwabidi kuwachinja mbwa mmoja mmoja ili wengine wapate chakula. Walipofika kwenye maji wazi mwezi wa Agosti, mbwa walikuwa wamebaki wawili, nao hawakuweza kuchukuliwa katika mitumbwi. Kila mmoja alikuwa na mbwa wake aliyempenda. Basi Nansen alimpiga risasi mbwa wa Johansen, na Johansen akampiga wa Nansen, maana hakuna aliyeweza kumuua wake mwenyewe.

Walifika katika visiwa vya Franz Josef, wakajenga kibanda cha mawe, paa lake ngozi za wanyama wa baharini, wakakaa humo muda wa miezi minane hivi, wakila nyama ya dubu na kulala sana. Mwezi wa Mei 1896 walianza tena safari. Siku moja mwezi wa Juni walipanda juu ya barafu ili watazame njia, na mitumbwi ikakatika kamba, ikachukuliwa na upepo. Ndani yake vilikuwamo vyakula, bunduki, na kila kitu walichokuwa nacho. Nansen akavua nguo za nje, akajitupa katika maji yale, ambayo humuua mtu kwa muda mfupi. Alipokuwa karibu kushindwa mitumbwi ilikuwa bado mbele yake. Aliwaza kwamba kufa majini na kubaki barafuni bila mitumbwi ni mamoja, akaendelea kuogelea. Viungo vyake vilikuwa vimekufa ganzi alipoishika. Hakuweza hata kujipandisha ila baada ya kujaribu sana. Tarehe 17 Juni alisikia sauti ya mbwa, kisha akamkuta Mwingereza Frederick Jackson, aliyekuwa akipeleleza visiwa vile. Merikebu ya Jackson iliwapeleka Norwei, wakafika tarehe 13 Agosti 1896. Siku hiyohiyo Fram ilitoka katika barafu, kama Nansen alivyobashiri. Watu kumi na watatu walikwenda, na wote kumi na watatu walirudi.

Watu wengi hudhani kwamba kazi yake kubwa iliishia hapo. Kwa kweli ilianza, kwani alikaa miaka mingi mezani akipanga hesabu zile. Habari ya maji mafu ilipelekwa kwa kijana Msweden, jina lake Vagn Walfrid Ekman. Huyu alifanya mfano mdogo wa Fram, akauweka katika tangi la kioo lenye maji matamu juu na maji ya chumvi chini. Alipoukokota, mawimbi yaliondoka chini, katika mpaka wa maji mawili, usoni pa maji pasionekane kitu; mawimbi hayo ndiyo yaliyozila nguvu za merikebu. Ekman huyohuyo alieleza kwa hesabu kwa nini barafu huenda kuume kwa upepo: ni kwa sababu dunia huzunguka.

Mwaka 1901 Roald Amundsen, Mnorwei mwenzake, alipima maji katika bahari za kaskazini kwa merikebu ndogo iitwayo Gjøa, na Nansen akayachunguza yale aliyoleta, akatoa kitabu chake mwaka 1906. Humo alionyesha kwamba karibu na visiwa vya Novaya Zemlya maji ya chini ni baridi sana na yana chumvi nyingi, akaeleza kwamba sababu yake ni barafu inayoganda juu. Alitengeneza pia chupa ya shaba iliyofungwa katika kamba na kushushwa wazi. Uzito mdogo ukiteleza juu ya kamba huigonga, nayo hupinduka na kujifunga, ikaleta maji ya kina kile kile bila kuchanganyika na ya juu. Mabaharia wa elimu wa dunia nzima waliitumia kwa miaka mingi. Siku hizi wataalamu hufanya bahari ya mfano ndani ya kompyuta: huigawa katika vyumba vingi vidogo, wakakipa kila chumba joto lake, chumvi yake na upepo wake, kisha wakahesabu chumvi ya barafu ya pwani itafika wapi na kwa muda gani. Ila hesabu hizo hupimwa kwa maji yaliyochotwa hasa, kama Ekman alivyopima maneno yake kwa tangi.

Norwei ilipojitenga na Sweden mwaka 1905, Nansen aliacha vitabu vyake akaitumikia nchi yake, akawa balozi wake London. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, Baraza la Mataifa, lililoiweka Tanganyika chini ya Waingereza mwaka 1922, lilimpa kazi ya kuwarudisha makwao wafungwa wa vita. Aliwarudisha zaidi ya 400,000. Kisha alipewa kazi ya wakimbizi, watu wasio na nchi wala karatasi, ambao kila mpaka uliwafukuza. Akawatengenezea cheti kilichoitwa pasi ya Nansen, na serikali kama 50 zikakikubali. Njaa kuu ilipoingia Urusi mwaka 1921, alizunguka Ulaya akiomba chakula, na serikali nyingi zikamnyima kwa ajili ya chuki ya siasa. Watu wengi sana walikufa, naye hakuweza kulisahau jambo hilo. Mwaka 1922 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na fedha yake akaitoa kwa kazi ya kuwasaidia watu.

Alifariki tarehe 13 Mei 1930 nyumbani kwake, karibu na Oslo, akazikwa chini ya mti. Norwei imeipa jina lake merikebu ya uchunguzi, Dr. Fridtjof Nansen, na merikebu zenye jina hilo zimefanya kazi pia katika bahari ya Tanzania, katika miaka ya 1982 na 1983, na tena mwaka 2018. Maji ya huku hayajui barafu. Lakini mabaharia wake hushusha vyombo vyao kilindini, wakapima mambo yaleyale mawili aliyoyapima Nansen barafuni, yaani joto na chumvi.